Kuikagua BPA jikoni: mwongozo kamili kwa aliye na jagi, kopo, maji ya dispensa na risiti mfukoni

Mama yangu alikuwa na jagi. Gumu, linang'aa kama kioo, lililetwa na mtu kutoka Uarabuni miaka ya tisini, na kila Ramadhani ndilo lililobeba sharubati ya ukwaju nyumbani kwetu Makorora, Tanga. Ukwaju unachemshwa na sukari na tangawizi, unachujwa ungali unafuka, unamiminwa humo moja kwa moja, kisha unasubiri adhana ya magharibi.

Siku moja nililiinua juu ya taa nikitafuta ufa. Sikuona ufa. Nilichoona ni kwamba kuanzia kitako hadi pale ukwaju unapofikia, ukuta wa jagi ulikuwa umefifia, una ukungu, na ndani yake kuna mistari myembamba kama uzi wa buibui, alama za miaka mingi ya waya wa kusugulia masufuria. Juu ya hapo jagi lilikuwa safi kama siku lilipotoka kwenye boksi. Nikalipindua. Kitakoni pana pembetatu, ndani yake namba 7, chini yake herufi mbili: PC, kifupi cha polikaboneti, plastiki inayotengenezwa kwa BPA, kemikali tunayoitafuta humu.

Mimi hufundisha kemia. Somo la polima nimelifundisha miaka na miaka, na muda wote huo nilikuwa nikifuturu kwa jagi hilo. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukagua jiko la mama, kisha langu, kisha la dada yangu aliye Chumbageni, na kila jiko lilinifundisha kitu.

Tunatafuta nini hasa

BPA ni kifupi cha bisifenoli A. Mkemia Mrusi Aleksandr Dianin aliitengeneza mwaka 1891, ikakaa tu. Katika miaka ya 1930, kule London, Charles Dodds na wenzake walikuwa wakitafuta dawa rahisi ya kufanya kazi ya estrojeni, homoni ya kike. Wakaijaribu BPA, wakaona inafanya kazi hiyo, ila kwa unyonge. Walipopata nyingine kali zaidi wakaiacha. Miaka ya 1950 watu wa plastiki wakaiokota upya: ukiziunganisha molekuli zake kwa mnyororo mrefu unapata polikaboneti, plastiki isiyovunjika ikianguka na inayopitisha mwanga kama kioo. Kwa njia nyingine unapata epoksi, utando unaopakwa ndani ya kopo la chakula ili bati lisiliwe na kutu.

Ukitazama miaka hiyo utaona jambo: tabia ya BPA ya kujifanya homoni ilijulikana takriban miaka 20 kabla haijaingia jikoni.

Kwenye mnyororo huo si kila molekuli imeshikwa. Zipo zilizobaki huru tangu kiwandani, na zipo zinazokatika baadaye kwa moto na kwa sabuni kali. Hizo ndizo zinazohamia kwenye chakula. Hazina harufu wala ladha, na hazibadilishi rangi ya maji. Anayekwambia anaijua BPA kwa kuonja, mpishe.

Ikishaingia mwilini, ini huifunga na kuikabidhi kwa figo, na sehemu kubwa hutoka na mkojo ndani ya siku moja. Hiyo ni habari njema. Habari mbaya ni kwamba tunakula kila siku. Marekani walipopima mkojo wa watu 2,517 wenye umri wa miaka sita na kuendelea, katika vipimo vya 2003 na 2004, waliikuta kwa asilimia 93 yao.

Madhara, na ubishi wa wataalamu

Hapa nitakaa kidogo, maana mtandaoni kuna vilio viwili: "inaua" na "haina neno". Vyote viwili ni vya watu wavivu.

Kinachojulikana kwa uhakika ni kwamba BPA hujishikiza kwenye vipokezi vya estrojeni, na wanyama waliopewa BPA wakiwa tumboni mwa mama zao wameonyesha mabadiliko kwenye uzazi na kwenye kinga ya mwili. Umoja wa Ulaya uliiweka rasmi kwenye kundi la kemikali za kutiliwa shaka kubwa mwaka 2017, kwanza kwa madhara ya uzazi, halafu kwa kuvuruga homoni. Kwa binadamu, tafiti nyingi zimeona kwamba wenye BPA nyingi kwenye mkojo mara nyingi ndio wenye kisukari cha ukubwani na maradhi ya moyo. Lakini mtu anayekula vya kopo kila siku ana mambo mengine mengi kwenye sahani yake, kwa hiyo kuambatana si kusababisha.

Ubishi mkubwa uko kwenye kiasi. Mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, mwaka 2015 ilisema mtu anaweza kula mikrogramu 4 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku bila wasiwasi. Aprili 2023 ikashusha hadi nanogramu 0.2 (mikrogramu moja ni nanogramu 1,000), yaani mara 20,000 chini ya pale. Taasisi ya Ujerumani ya tathmini ya hatari, BfR, ikakataa hesabu hiyo, ikaja na yake: nanogramu 200. Wamarekani wa FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, nao wakabaki na msimamo kwamba kiasi kilichopo kwenye vyakula hakina hatari.

Tuliweke hilo kwenye mizani ya mtu wa kilo 60. Kwa EFSA ya 2015 anaruhusiwa nanogramu 240,000 kwa siku. Kwa Wajerumani, 12,000. Kwa EFSA ya 2023, 12. Sasa chukua kopo la gramu 400 lenye mikrogramu 10 za BPA kwa kilo, kiasi ambacho si cha ajabu kwa vyakula vya kopo. Ukilimaliza umekula nanogramu 4,000. Kwa mzani wa kwanza hujafanya kitu, kwa wa pili umetumia thuluthi ya fungu lako la siku, na kwa wa tatu umelipita zaidi ya mara 300. Kopo ni lilelile. Ulaya waliamua kutosubiri ubishi uishe: kanuni ya kuipiga marufuku kwenye vyombo na vifungashio vya chakula ilianza kutumika tarehe 20 Januari 2025, na bidhaa nyingi zikapewa muda wa mpito wa miezi 18.

Msimamo wangu: mtu mzima mwenye afya asikose usingizi. Mjamzito, mtoto mchanga na mtoto anayekua, hao wachukuliwe kwa uzito, kwa sababu mwili mdogo hupata dozi kubwa kwa kila kilo na ini la mchanga bado halijui kuifunga vizuri. Na kwa kuwa kuipunguza ni kazi ya mchana mmoja, sioni sababu ya kungoja.

Jambo moja kabla ya kuanza. Usiache kuchemsha maji ya kunywa kwa kuogopa plastiki. Kipindupindu hakina ubishi wa nanogramu. Chemsha kwenye sufuria, yaache yapoe humohumo, ndipo uhamishe.

Hatua ya 1: Pindua kila chombo

Toa vyombo vyote vya plastiki nje, barazani kwenye mwanga. Vyote, pamoja na vile vya juu ya kabati vinavyongoja wageni. Pindua kimoja kimoja utafute pembetatu yenye namba. Zikiwa zimefutika, washa tochi ya simu na uimulike kwa ubavu; namba zilizochapwa kwenye plastiki hutoa kivuli.

Namba 1 ni PET, chupa za maji na soda za dukani. Haitengenezwi kwa BPA. Namba 2 ni polithini ngumu: madumu ya njano, vidumu vya mafuta, chupa za maziwa. Haina. Namba 4 ni polithini laini, haina. Namba 5 ni polipropilini: ndoo nyingi, mabakuli yenye mifuniko, kontena za chakula. Haina. Namba 6 ni polistirini, sahani na vikombe vyepesi vya shughuli. Ina matatizo yake mengine kwenye chakula cha moto, ila si BPA. Namba 3 ni PVC, ambayo inaweza kuwa imetiwa BPA kidogo wakati wa kutengenezwa. Chakula kisikae humo.

Namba 7 maana yake ni "nyinginezo" tu. Ni kapu la plastiki zisizo na namba yake. Polikaboneti imo humo, lakini zimo na nyingine zisizohusika kabisa. Kwa hiyo 7 peke yake ni mshitakiwa, hajahukumiwa. Ukiona 7 pamoja na PC, kesi imekwisha.

Utaona basi kwamba vitu tunavyovisema sana (dumu, ndoo, tangi la maji la plastiki nyeusi, hata ile mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019) havimo kwenye kesi hii. Rambo ilikuwa na makosa yake, lakini hili siyo. Dumu nalo ulihofie kwa lilichobeba kabla yako. Dumu lililokuja na dawa ya mkonge halioshwi likawa la maji, hata ulisugue kwa mchanga wa Raskazone wote.

Hatua ya 2: Kisicho na namba, kitie majini

Vyombo vingi vya mitumba na vya bei ya chini havina alama. Hapa kemia ya darasani inasaidia, na haihitaji zaidi ya bakuli la maji na wembe.

Kata kipande kidogo kama ukucha kutoka ukingoni au kwenye mfuniko, alimradi uhakikishe mfuniko ni wa plastiki ileile. Kizamishe kwenye maji na ukibane kwa kidole, ukikisugua ili povu dogo lililokishika liondoke. Watu hukosea hapa: povu moja tu linaweza kukielesha kipande kinachopaswa kuzama. Kisha kiachie.

Kikielea ni polithini au polipropilini, maana zote mbili ni nyepesi kuliko maji. Kikusanye, kirudishe jikoni. Kikizama bado hujamaliza, kwa sababu polistirini, PET, akriliki na polikaboneti zote huzama. Koroga vijiko kumi vya chakula vya chumvi kwenye lita moja ya maji, ukitie kipande humo. Polistirini itapanda juu ya maji hayo ya chumvi. Polikaboneti itabaki chini. Maji ya bahari hayatoshi kwa jaribio hili, chumvi yake ni ndogo. Nililijaribu kwa ubishi wa wanafunzi wangu, tukashindwa.

Kilichobaki chini kitazame kwa macho. PET huwa nyembamba, ukiibonyeza inalia krap-krap, na ukiitia kwenye maji yanayochemka inajikunja. Polikaboneti ni nene, haibonyei, ukiigonga kwa ukucha inatoa mlio mkavu, na maji ya moto hayaifanyi kitu kwa macho. Kwa macho tu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walitia maji yanayochemka kwenye chupa za polikaboneti, wakakuta BPA inatoka kwa kasi mara 15 hadi 55 kuliko kwa maji baridi. Umri wa chupa haukuwa na uzito mkubwa hapo. Moto ndio uliokuwa na uzito.

Msiunguze plastiki kutambua aina yake kwa harufu, kama wafanyavyo baadhi ya wanunuzi wa chakavu. Moshi wake ni mbaya kuliko chochote kilichomo humu.

Na neno "BPA Free" kwenye lebo? Kwenye ndoo ya polipropilini ni sawa na kuandika "haina pilipili" kwenye chupa ya maji. Haikuwa nayo tangu mwanzo. Kwenye chombo kigumu kinachong'aa linaweza kumaanisha kwamba BPA imetolewa na nafasi yake imechukuliwa na ndugu zake, BPS au BPF, ambao nao wameonekana kuchezea homoni. Mimi lebo hiyo hainipi amani. Kwa kitu cha moto nachagua kigae, udongo, chuma kisichoshika kutu au bilauri.

Hatua ya 3: Makopo

Kama una nguvu ya kufanya hatua moja tu, fanya hii. Watu wanahangaika na chupa, kumbe mlango mkubwa wa BPA kwenye chakula ni kopo. Sababu ni jinsi linavyotengenezwa: chakula hutiwa, kopo hufungwa, kisha hupikwa likiwa limefungwa ili kuua vijidudu. Utando unapata moto mkali ukiwa umegusana na chakula, kisha vinakaa pamoja miezi au miaka. Huko Harvard mwaka 2011 watu 75 walikula supu, siku tano ya kopo na siku tano nyingine ya kupikwa upya. Wakati wa supu ya kopo BPA kwenye mikojo yao ilipanda kwa zaidi ya asilimia 1,000.

Huwezi kujua kwa macho kama utando wa kopo ni wa epoksi yenye BPA au wa aina mpya. Ule wa dhahabu na ule mweupe, wote waweza kuwa nayo au wasiwe nayo. Kwa hiyo hapa hatukagui, tunapunguza.

Anza na tui. Mtu wa Tanga kununua tui la kopo ni sawa na mtu wa Pangani kununua maji ya mto. Nazi zipo, mbuzi ipo, na kama mkono umechoka sokoni Mgandini wapo wanaokukunia ukiwa umesimama. Nyanya ya kopo: kata nyanya mbivu kilo mbili, chemsha bila maji kwa moto mdogo hadi zishikane, tia chumvi, pakia kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, weka kwenye friji, jikoni kwangu hukaa siku nne au tano. Ya pakiti ndogo nayo haina utando wa kopo, ukiwa na haraka. Samaki wa kopo wenye mafuta tuwaachie mabaharia. Deep Sea asubuhi kuna dagaa na vibua wanaoruka.

Maharage ya kopo ukiyanunua, mwaga maji yake na uyasuuze. Hupunguza, hakumalizi. Usilitie kopo kwenye moto wala kwenye maji yanayochemka, hata kwa kupasha maziwa. Na kopo likiwa tupu, kupimia mchele au dagaa wakavu ni sawa, vitu vikavu na baridi havichukui kitu cha maana. Kumpikia mtoto uji ndani yake, hapana.

Hatua ya 4: Maji ya dispensa

Chupa kubwa za lita 18.9 au 20, zile za kugeuzia juu ya mashine, nyingi ni polikaboneti. Zipo za PET pia. Pindua, soma. Ukiona 1, endelea na mambo yako. Ukiona 7 na PC, chupa si lazima uikatae, ila iwekee masharti.

Nyingi zina kitakoni duara dogo kama saa, lenye namba 1 hadi 12 na mshale, na katikati tarakimu mbili. Mshale ni mwezi wa kutengenezwa, tarakimu za kati ni mwaka. Lebo ya juu inasema habari za maji. Umri wa chupa utausoma hapo chini mwenyewe. Ya zamani, yenye mikwaruzo na ukungu kama jagi la mama, mrudishie muuzaji akupe nyingine.

Kisha jua. Nimeona guta limesimama Barabara ya 12, Ngamiani, saa saba mchana wa kaskazi, limesheheni chupa za maji zinazometameta, mwenyewe kajificha chini ya mwarobaini anakunywa kahawa. Alikuwa na akili ya kujitafutia kivuli, chupa hakuzitafutia. Maabara za Ulaya zikitaka kupima chombo cha kuhifadhi chakula muda mrefu huweka ndani yake kimiminika cha mfano kwa siku 10 kwenye nyuzi 40. Guta la Ngamiani linaweza kuwafanyia kazi hiyo bure. Mwambie muuzaji wako kwa ustaarabu: "Kaka, mimi nachukua za kivulini." Akizoea, atakuwekea.

Nyumbani ziweke mbali na dirisha, zitumie ndani ya wiki, na usizijaze maji ya moto ya kuchemsha. Mtungi wa udongo bado unafanya kazi, na maji yake yana baridi ya aina yake.

Kuosha polikaboneti: kitambaa laini, sabuni ya kawaida ya vyombo, maji ya vuguvugu. Hakuna waya, hakuna sabuni ya sakafu, hakuna magadi. Mwaka 1998 Patricia Hunt, mtafiti huko Cleveland, Marekani, aliona ghafla mayai ya panya wake yameharibika. Akatafuta, akagundua vizimba vyao vya polikaboneti vilioshwa kwa sabuni kali ya sakafu kwa makosa, plastiki ikameguka, BPA ikavuja. Watu hudhani ukwaju na ndimu ndivyo vinavyoila plastiki hii, kwa sababu ya ukali wake. Kwa polikaboneti, ukali wa upande wa pili, wa magadi na sabuni, ndio mbaya zaidi.

Hatua ya 5: Chombo cha mtoto

Kanada ilitangaza mwaka 2008 kuziondoa chupa za kunyonyeshea za polikaboneti, Umoja wa Ulaya ukafuata 2011, Marekani 2012. Kwa hiyo chupa mpya kwa kawaida ni polipropilini, nyeupe kidogo kama maji ya mchele. Hatari iko kwenye ya zamani: iliyotunzwa kabatini tangu mtoto wa kwanza, au ya mtumba iliyopangwa chini sokoni. Inayoangaza kama kioo na haina namba, iache hapo.

Titi la mama kwa miezi sita bila kitu kingine linamaliza suala zima. Baada ya hapo kikombe cha chuma na kijiko, ambavyo pia ni rahisi kuosha. Ukitumia maziwa ya unga, koroga kwenye bilauri au sufuria kwa maji ya moto, yapoe, ndipo uyatie kwenye chupa.

Hatua ya 6: Risiti

Hii huwashangaza watu. Karatasi ya mashine ya EFD haina wino. Imepakwa unga unaobadilika rangi ukipata joto, na ndani ya unga huo mara nyingi kuna BPA au BPS, tena ikiwa huru, haijashikwa kwenye mnyororo wowote. Ulaya iliiwekea kikomo BPA ya kwenye risiti kuanzia Januari 2020. Wengi wakahamia BPS.

Kipimo chake: ikwaruze kwa ukucha, haraka na kwa nguvu. Ukiona mstari mweusi umejichora, ni karatasi ya joto. Hutajua ni BPA au BPS, lakini umeshajua isiguse chakula.

Endelea kudai risiti, kodi ni kodi. Ila usiitie kwenye kikapu juu ya mkate, usiishike kwa mdomo ukitafuta funguo, usimpe mtoto aichezee. Mkono wenye mafuta au uliotoka kupakwa kitakasa mikono hunyonya zaidi kuliko mkavu. Mama lishe anayetoa risiti kwa mkono huu na kuchukua chapati kwa huohuo, akitenga kijikoleo cha chapati ametatua. Na muuza bajia anayefungia kwenye karatasi za ofisini achunguze kama hakuna roli za mashine kati yake.

Hatua ya 7: Ukitaka uhakika wa maabara

Kwa familia moja hii haina maana sana, nasema wazi. Kipimo cha mkojo kinakueleza ulichokula jana, na kesho namba ni nyingine. Lakini mwenye biashara ya maji, kituo cha kulea watoto au shule ya bweni anaweza kutaka kujua chombo chake kinatoa nini.

Kifaa kinachofanya kazi hiyo kwa uhakika ni kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na mashine ya kupima uzito wa molekuli. Sampuli hupitishwa kwenye kichujio kinachoishika BPA, husafishwa, kisha hutenganishwa na kusomwa. Piga simu kwanza Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, au TBS, Shirika la Viwango, uulize kama wanapokea sampuli ya aina hiyo na wanataka ujazo gani. Ukishakubaliwa, usiipeleke kwenye chupa ya plastiki. Nimeshaona mtu akifanya hivyo. Tumia chupa ya kioo yenye mfuniko uliotandikwa foili, uliyoisuuza kwa maji yaleyale ya sampuli. Na chukua mbili: moja ni maji yaliyokaa kwenye chombo unachokishuku, ya pili ni maji yaleyale ambayo hayajawahi kukigusa, yaliyotunzwa kwenye kioo muda uleule. Bila hiyo ya pili hutajua BPA imetoka kwenye chombo au ilikuja na maji. Andika saa, siku ngapi yalikaa, na mahali, kivulini au juani. Ziweke kwenye kasha la barafu.

Jibu likija, tafuta kwanza kiwango cha chini ambacho mashine inaweza kusoma. "Haikuonekana" maana yake ni chini ya hapo, si sifuri.

Siku tatu za kujaribu

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichukua familia tano, watu 20, wakawalisha kwa siku tatu chakula kilichopikwa upya, bila makopo na bila vifungashio vya plastiki. BPA kwenye mikojo yao ikashuka kwa wastani wa asilimia 66. Siku tatu tu. Kwa hiyo usiingie kwa gharama ya kubadilisha jiko zima. Ijumaa hadi Jumapili: nazi ya kukuna, nyanya mbichi, samaki wa asubuhi, chai kwenye kikombe cha udongo, supu ya kuchukua nyumbani iingie kwenye sufuria yako badala ya mfuko wa nailoni. Ikiwa familia imeweza siku tatu bila manung'uniko, hiyo iliyobaki ni mazoea.

Vilivyokataliwa

Usivichome, na usivitupe mtaroni. Chombo cha polikaboneti kinachofaa kuachishwa chakula bado kina maisha marefu: kinahifadhi mbegu, vifungo, sabuni ya unga, pegi za nguo.

Jagi la mama halikuondoka kirahisi. "Mwanangu," aliniambia, "jagi hili liliingia nyumba hii kabla ya mkeo, na halijanijibu vibaya hata siku moja." Nilimletea la kioo, zito, lenye maua ya bluu. Akalipima kwa mkono, akaguna, akaliweka kabatini. Hadi leo ukwaju unapoa kwanza kwenye sufuria, na jagi la zamani limejaa misumari chumbani kwangu, namba 7 ikinitazama kila nikichukua nyundo. Kila Idi ananiuliza kama misumari bado haijaisha.